Uzamivu wa hisabati tumizi na ukokotoaji wa kisayansi nchini Tanzania

Uzamivu wa hisabati tumizi na ukokotoaji wa kisayansi ni masomo ya ngazi ya juu kabisa ya chuo kikuu yanayomwandaa mtafiti kujibu maswali ya fani nyingine, kama vile tiba, mifugo, maji, kilimo na hali ya hewa, kwa kutumia milinganyo ya kihisabati na kompyuta. Anayehitimu hupewa shahada ya uzamivu, yaani PhD, na kuitwa daktari ingawa hatibu mgonjwa yeyote. Nchini Tanzania masomo hayo hutolewa hasa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela iliyopo Arusha. Mkoa wa Katavi hauna chuo kinachoyatoa, ingawa maswali yanayohitaji wataalamu wa aina hiyo ni mengi huko, kuanzia maji ya mto Katuma hadi magonjwa ya mifugo.

Maana ya fani

Kazi ya fani hii huanza na swali ambalo si la kihisabati. Daktari wa mifugo anataka kujua ni ng'ombe wangapi wachanjwe ili ugonjwa usienee. Mhandisi wa maji anataka kujua mto utabaki na maji kiasi gani mwezi wa Oktoba iwapo mashamba ya mpunga yataongezwa. Mwanahisabati hugeuza swali hilo kuwa milinganyo inayoonyesha kasi ya mabadiliko ya kitu husika: idadi ya ng'ombe wagonjwa, au ujazo wa maji bwawani. Milinganyo ya namna hiyo huitwa milinganyo tofautishi, na ikichukuliwa pamoja na dhana zilizoizaa huitwa modeli ya kihisabati.

Ugumu huja baadaye. Milinganyo mingi inayoeleza mambo ya asili haina jibu linaloweza kuandikwa kwa kanuni moja. Jibu hutafutwa kwa namba, hatua kwa hatua, na hapo ndipo ukokotoaji wa kisayansi unapoingia. Mwanafunzi wa kidato cha sita aliyesoma Hisabati ya Juu amekwisha kuuonja: njia ya Newton na Raphson ya kutafuta mzizi wa mlinganyo, na kanuni ya Simpson ya kukadiria eneo lililo chini ya mchoro, zote ni ukokotoaji wa aina hiyo. Tofauti ni kwamba katika uzamivu milinganyo inaweza kuwa maelfu, tena inayotegemeana, na kila hatua ya ukadiriaji huacha kosa dogo. Mtafiti anapaswa kuthibitisha kwamba makosa hayo hayalimbikizani mpaka jibu likawa uongo. Kompyuta haitamwonya, itachapa namba yenye tarakimu kumi baada ya nukta hata kama haina maana yoyote.

Kwa sababu hiyo fani hii haifanani kabisa na sayansi ya kompyuta, inayoshughulika na kompyuta zenyewe na programu zake, wala si hisabati halisi, ambayo haihitaji kuulizwa ina kazi gani nje ya hisabati. Inakaribiana zaidi na takwimu, na watafiti wengi huvuka mpaka huo bila kuomba ruhusa.

Chimbuko

Mfano wa kale unaotajwa mara nyingi ni wa Mwingereza Lewis Fry Richardson, aliyejaribu kutabiri hali ya hewa kwa kupiga hesabu kwa mkono. Utabiri wa saa sita tu ulimchukua wiki kadhaa, na jibu lilikuwa mbali sana na ukweli. Hata hivyo alichapisha kazi yake mwaka 1922, na mwaka 1950 kundi la wataalamu nchini Marekani lilitumia mawazo yaliyofanana na yake kutabiri hali ya hewa kwa kompyuta ya ENIAC.

Afrika ya Mashariki iliguswa mapema zaidi na tawi lingine, la hisabati ya malaria. Ronald Ross, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kuonyesha kwamba malaria huenezwa na mbu, aliandika miaka michache baadaye milinganyo iliyoonyesha kwamba si lazima kuua mbu wote ili kuondoa ugonjwa. Inatosha kuwapunguza chini ya kiwango fulani. Katika miaka ya 1950 George Macdonald aliendeleza hesabu hizo na kupata jambo ambalo macho peke yake yasingeliona. Kijidudu cha malaria huhitaji siku kumi au zaidi kukomaa ndani ya mbu. Mbu wengi hawaishi muda huo, kwa hiyo kufupisha kidogo tu maisha ya mbu mzima hupunguza maambukizi kuliko kupunguza idadi ya viluwiluwi kwa kiasi kilekile. Hoja hiyo ilitia nguvu unyunyiziaji wa dawa ndani ya nyumba, na ingali inasaidia kueleza kwa nini chandarua chenye dawa humlinda hata asiyelala ndani yake. Siku hizi modeli za malaria ni sehemu ya kawaida ya utafiti katika vituo kama Taasisi ya Afya Ifakara.

Mfano wa mto Katuma

Mto Katuma ni tegemeo kuu la maji la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na yenye eneo la kilomita za mraba 4,471. Unapita Sitalike, kusini mwa mji wa Mpanda, unalisha maziwa ya Katavi na Chada, na hatimaye maji yake huelekea Ziwa Rukwa. Wakati wa kiangazi viboko na mamba hujazana katika madimbwi yaliyobaki. Juu ya hifadhi maji hayohayo hutumiwa na wakulima, hasa wa mpunga, na watafiti wamehusisha kupungua kwa mtiririko wa kiangazi na mabanio na mifereji ya umwagiliaji.

Vibali vya kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa, yenye makao yake Mbeya. Mkulima anayenyimwa kibali hukosa mavuno. Vibali vikizidi uwezo wa mto, viboko hufa matopeni na vijiji vya chini hukosa maji. Kwa wakazi wa Manispaa ya Mpanda, katika kata kama Shanwe, mpunga na utalii ni riziki zote mbili, na zote hutegemea mabonde yaleyale. Ni swali linalohitaji namba.

Hesabu yake ya mwanzo ni rahisi. Badiliko la maji katika bwawa kwa siku ni maji yanayoingia, kutoa yanayotoka. Tuseme, kwa mfano wa darasani tu, bwawa lina meta za ujazo 600,000. Kila siku zinaingia 10,000, wakulima wanachukua 25,000, na jua linafyonza 5,000. Kila siku bwawa hupoteza 20,000, kwa hiyo litakauka baada ya siku 30. Wakulima wakikubaliana kuchukua 20,000 badala ya 25,000, upotevu unakuwa 15,000 na maji yatadumu siku 40. Siku kumi hizo zinaweza kufikisha bwawa kwenye mvua za kwanza, au zisifikishe.

Mtihani wa kidato cha nne ungeishia hapo. Lakini mvuke hutegemea upana wa uso wa maji, na bwawa likipungua uso nao hupungua, kwa hiyo 5,000 haibaki 5,000. Maji mengine huzama ardhini kwa kasi inayotegemea aina ya udongo. Mtiririko unaoingia hubadilika kila wiki, na wakulima hawafungui mifereji kwa ratiba moja: mvua ikichelewa huchukua zaidi, wakati uleule mto unapokuwa na kidogo. Mwanahisabati hawezi kuyajua hayo akiwa mezani. Anahitaji mtaalamu wa maji wa kumpa vipimo vya mto, mtaalamu wa udongo, mwanaikolojia wa kusema kiboko anahitaji kina gani cha maji, na wazee wa skimu ya umwagiliaji wa kumweleza zamu za maji hugawanywaje kweli, si zilivyoandikwa kwenye karatasi. Wao nao wanamhitaji yeye ili vipande hivyo viwekwe katika hesabu moja. Ndiyo sababu uzamivu wa aina hii huitwa wa taaluma mseto.

Historia nchini Tanzania na jirani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kishiriki chenye masomo ya sheria peke yake. Kitivo chake cha sayansi kilifunguliwa mwaka 1965, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Kwa miaka mingi wahadhiri wake wa hisabati walipata uzamivu wao ng'ambo. Miongoni mwao ni Verdiana Grace Masanja, mzaliwa wa Bukoba mwaka 1954, aliyesoma Dar es Salaam na kisha Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin nchini Ujerumani. Anajulikana kama mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata uzamivu wa hisabati. Fani yake ni mwendo wa vimiminika, ambayo ni hisabati tumizi halisi, na baada ya kufundisha Dar es Salaam alifanya kazi pia Rwanda. Uganda ilikuwa na Livingstone Luboobi, mtaalamu wa hisabati ya viumbe hai aliyekuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere kuanzia mwaka 2004 hadi 2009.

Kusoma ng'ambo kulikuwa na gharama isiyoonekana kwenye vitabu vya hesabu: wengine hawakurudi, na waliorudi mara nyingi walikuwa wameandika juu ya matatizo ya nchi walizosomea. Mwaka 2002 ulianza mpango wa hisabati wa vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki unaojulikana kwa kifupi EAUMP, ukisaidiwa na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Uswidi. Ulihusisha Dar es Salaam, Makerere na Nairobi, na baadaye vyuo vya Rwanda na Zambia. Njia iliyotumika sana ni ya kupokezana: mwanafunzi huandikishwa katika chuo cha nyumbani, huenda Ulaya kwa miezi kadhaa kufanya kazi na msimamizi wa huko, kisha hurudi kuendelea, na mzunguko hurudiwa mpaka amalize. Shahada hutolewa nyumbani au kwa kushirikiana. Njia hiyo humwacha mwanafunzi na nafasi yake ya kazi, familia yake na, jambo muhimu kwa fani hii, tatizo lake.

Taasisi ya Nelson Mandela ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011, ikiwa ya uzamili na uzamivu tu, na ilizinduliwa rasmi na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2012. Ndani yake kuna skuli inayojumuisha sayansi za ukokotoaji, mawasiliano na uhandisi, ambako hisabati tumizi haikutengwa kama idara ya wanahisabati peke yao. Wanafunzi wa milinganyo hukaa kampasi moja na watafiti wa maji, nishati, chakula na viumbe hai, na mada nyingi za tasnifu zimetokana na ujirani huo.

Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2003 na Neil Turok, ilifungua tawi Tanzania mwaka 2014 na Rwanda mwaka 2016. Masomo yake ya msingi ni ya uzamili, lakini yamekuwa daraja la kwenda kwenye uzamivu. Kenya ina taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika Nzima katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Juja, inayotoa uzamivu wa hisabati kwa wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za bara.

Homa ya Bonde la Ufa

Ugonjwa huu ni mfano mzuri wa mada ya tasnifu kwa sababu hakuna fani moja inayoweza kuumaliza. Ulitambuliwa Kenya, karibu na ziwa Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hushambulia ng'ombe, mbuzi na kondoo, ambao hutoa mimba kwa wingi, na watu huupata kwa kuumwa na mbu au kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa. Kati ya mwaka 2006 na 2007 ulilipuka Kenya, Somalia na Tanzania na kuua watu. Dodoma, Morogoro na Arusha ni miongoni mwa mikoa iliyoguswa.

Milipuko hutokea kwa nafasi ya miaka mingi, kwa kawaida baada ya mvua zisizo za kawaida. Mayai ya baadhi ya mbu hudumu katika udongo mkavu yakiwa na virusi ndani yake, na mafuriko yakija huanguliwa kwa pamoja. Baada ya mlipuko huo wanahisabati wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa chuo cha teknolojia cha Lappeenranta nchini Ufini, walichapisha modeli zinazogawanya mbu, mifugo na watu katika makundi: walio salama, walioambukizwa lakini hawajaanza kuambukiza, wanaoambukiza, na waliopona. Kila kundi lina mlinganyo wake.

Namba inayotafutwa zaidi katika modeli kama hizo ni ya uzalishaji wa ugonjwa, yaani mgonjwa mmoja huambukiza wangapi katika kundi lisilo na kinga. Ikiwa chini ya moja, ugonjwa hufifia. Katika modeli rahisi kabisa, ikiwa namba hiyo ni 2, inabidi nusu ya kundi wawe na kinga ili ugonjwa usienee. Ikiwa 4, robo tatu. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe 200 hiyo ni tofauti ya dozi 100 au 150, na kwa wizara inayonunua chanjo ni tofauti ya fedha nyingi. Ugonjwa unaoenezwa na mbu hudai kanuni ngumu zaidi ya hiyo, na kuitafuta ndiko kunakoweza kuchukua sura nzima ya tasnifu. Upande wa mifugo, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichopo Morogoro, kimekuwa mshirika wa asili katika utafiti wa magonjwa ya aina hii.

Mpangilio wa masomo

Mwombaji anatakiwa kuwa na shahada ya uzamili katika hisabati au fani ya karibu. Masomo huchukua miaka mitatu kwa anayesoma muda wote, na mara nyingi huzidi. Mwanafunzi huandika andiko la utafiti na kulitetea, hukusanya takwimu au kuzipata kwa taasisi nyingine, huunda modeli, huikokotoa kwa programu kama MATLAB, R au Python, huilinganisha na hali halisi, huchapisha makala katika majarida ya kitaalamu, na mwisho huitetea tasnifu yake mbele ya watahini, akiwemo wa nje ya chuo.

Kwa kawaida wasimamizi huwa wawili au zaidi, na katika taaluma mseto mmoja hutoka hisabati na mwingine fani inayochunguzwa. Hapo ndipo pagumu. Msimamizi wa hisabati hutaka uthibitisho kwamba mlinganyo una jibu na kwamba jibu ni imara. Mwenzake huuliza kwa nini modeli imesahau kwamba ng'ombe huhamishwa kiangazi. Mwanafunzi asiyeweza kuzungumza lugha zote mbili huishia kuandika tasnifu mbili dhaifu ndani ya jalada moja.

Vikwazo

Kinachotajwa kwanza huwa ni upungufu wa kompyuta zenye uwezo mkubwa. Ni kweli kwamba utabiri wa hali ya hewa na mwendo wa vimiminika huzihitaji. Mwaka 2013 kompyuta kubwa ya Ranger, iliyokuwa imestaafishwa huko Texas, ilivunjwa vipande vikapelekwa nchi za kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwemo. Lakini modeli nyingi za magonjwa zenye milinganyo kumi au ishirini hukokotolewa kwa sekunde chache katika kompyuta ya kawaida ya mkononi. Upungufu wenyewe uko pengine.

Kwanza ni takwimu. Mito mingi haina kumbukumbu ndefu za vipimo zisizokatika, na mifugo inayokufa porini haiandikwi popote. Modeli isiyo na vipimo hukopa namba kutoka makala za nchi nyingine, na msomaji anapaswa kuangalia jedwali la vigezo kabla ya kuamini hitimisho. Pili ni wasimamizi: profesa mmoja anayestaafu anaweza kuondoka na tawi zima la fani. Tatu ni lugha. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza na kuhifadhiwa maktaba, wakati bodi ya maji na wakulima hujadiliana kwa Kiswahili. Muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili ungegharimu kidogo, nao si sharti la kuhitimu.

Chanzo cha nne kiko mbali zaidi na chuo kikuu. Kwa miaka mingi wengi wa watahiniwa wa kidato cha nne wameshindwa Hisabati ya Msingi, na wanaobaki ndio huchujwa tena.

Njia ya mwanafunzi

Anayelenga fani hii huhitaji Hisabati ya Juu katika kidato cha tano na sita, kupitia tahasusi kama PCM, EGM au PGM. Aliyesoma PCB hupata Hisabati Tumizi ya Msingi tu, ambayo haitoshi kwa shahada ya kwanza ya hisabati, lakini hajafungiwa mlango kabisa: anaweza kuingia kwa upande wa pili, akiwa mtaalamu wa mifugo au mazingira anayejifunza modeli baadaye. Katika mkoa wa Katavi, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina Kampasi ya Mizengo Pinda huko Mpimbwe, inayohudumia ngazi za chini ya uzamivu. Anayetoka Mpanda kutafuta shahada hii huelekea Dar es Salaam au Arusha, au huvuka mpaka kwenda Juja, Kampala au Kigali.